Wima si Pembemraba: Istilahi na Sarufi katika Kutafuta Mlinganyo wa Mstari

1.0 Utangulizi

Katika jometri ya majira kuna swali moja ambalo mwanafunzi wa sekondari hana budi kukutana nalo. Hutajiwa mstari kwa mlinganyo wake, hutajiwa na nukta moja kwa majira yake, kisha huagizwa atafute mlinganyo wa mstari mwingine unaopita katika nukta hiyo na kukatana na ule wa kwanza kwa pembemraba. Mwalimu wa hisabati hulimaliza swali hili kwa mistari mitano au sita ubaoni. Mwanaisimu akilitazama swali hilohilo hukuta humo mambo mengi ya kumshughulisha, kwa kuwa matatizo makuu ya kuieleza hisabati kwa Kiswahili yamekusanyika mahali pamoja: uteuzi wa istilahi, uhusiano baina ya vitu viwili, upatanisho wa kisarufi na mpangilio wa taarifa katika sentensi.

Hoja ya makala haya ni kwamba Kiswahili kina maneno yote yanayohitajika kulieleza swali hili hadi mwisho wake. Hata hivyo, maneno mawili yanayokimbiliwa upesi katika maelezo ya darasani, yaani *wima* na *kinyume*, humpeleka mwanafunzi mahali pasipo. Aidha, sentensi ya swali inapofuata muundo wa Kiingereza neno kwa neno, huzaa utata ambao Kiswahili chenyewe kingeuepuka. Ili kulithibitisha jambo hili, itatubidi tulitatue swali lenyewe, kwa sababu istilahi ya hisabati haiwezi kupimwa nje ya kazi inayoifanya.

Suala hili lina uzito wake nje ya vitabu vya isimu. Nchini Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma Hisabati kwa Kiswahili, utaratibu ulioimarika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Huko hujifunza *pembemraba*, *sambamba*, *kitako* na *kimo*. Aingiapo sekondari hupokewa na Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi ya kutumika katika ngazi zote za elimu, huku Kiingereza kikiendelea. Kwa upande wa istilahi, sayansi nyingine zilikwisha kutangulia: TUKI ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990. Mwalimu wa hisabati anayefundisha kwa Kiingereza, naye akaona nyuso mbele yake zimeduwaa, hurudi kwenye Kiswahili papo hapo. Wakati huo hana kitabu cha kumwongoza, hutumia neno linalomjia kwanza mdomoni. Na panapohusika mistari inayokutana kwa pembemraba, neno hilo aghalabu ni *wima*.

2.0 Swali na jawabu lake

Tuchukue mstari L ambao mlinganyo wake ni 2x − 3y + 6 = 0, na nukta P ambayo majira yake ni (5, 1). Tunautafuta mstari K, unaopita P na kukatana na L kwa pembemraba.

Kazi ya kwanza ni kuujua mwinamo wa L. Tukiiacha y peke yake upande wa kushoto tunapata 3y = 2x + 6, yaani y = (2/3)x + 2. Namba inayoizidisha x katika umbo hili ndiyo mwinamo: 2/3. Maana yake ni kwamba kila tuendapo hatua 3 kuelekea kulia, mstari hupanda hatua 2.

Kazi ya pili ni kupata mwinamo wa K. Sehemu 2/3 hupinduliwa, kiasi kikawa asili na asili ikawa kiasi, tukapata 3/2. Kisha alama hubadilishwa, chanya ikawa hasi. Mwinamo wa K ni −3/2. Sababu ya matendo haya mawili tutaieleza katika sehemu ya 4.0.

Kazi ya tatu ni kuubana mstari upite P. Mwinamo baina ya P na nukta nyingine yoyote (x, y) ya mstari K lazima uwe −3/2, kwa hiyo:

y − 1 = −(3/2)(x − 5)
2y − 2 = −3x + 15
3x + 2y − 17 = 0

Huo ndio mlinganyo wa K. Uhakiki ni rahisi: tukiweka 5 mahali pa x na 1 mahali pa y tunapata 15 + 2 − 17, nayo ni sifuri. Tukitaka kujua mahali L na K zinapokutana, tunaitatua milinganyo miwili kwa pamoja na kupata nukta (3, 4). Nukta hiyo huitimiza milinganyo yote miwili: 6 − 12 + 6 = 0 na 9 + 8 − 17 = 0.

Katika maelezo haya tumetumia *mwinamo*. Wako wanaopendelea *mteremko*, neno ambalo kila mtoto aliyewahi kushuka kilima analijua. Kasoro yake ni kwamba *mteremko* huelekea upande mmoja tu, chini. Mwalimu atalazimika kusema kuwa mstari wenye mteremko chanya ni mstari unaopanda, na mwanafunzi mwangalifu ana haki ya kushangaa. *Mwinamo* halina ugumu huo. Mnazi huweza kuinamia bahari au kuinamia nchi kavu, na pande zote mbili twasema umeinama. Kwa sababu hiyo *mwinamo chanya* na *mwinamo hasi* husikika sikioni bila kugongana na maana ya kawaida ya neno.

Neno *majira* nalo ni teuzi nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Wanafunzi hulicheka kwa kuwa wanalijua kwa maana ya msimu au wakati. Lakini mabaharia wa pwani walilitumia pia kwa maana ya njia ishikwayo na chombo baharini, na jozi ya namba inayomwonyesha mtu mahali alipo haiko mbali na matumizi hayo.

3.0 Neno wima na mshirika wake anayekosekana

*Wima* limetokana na mzizi wa kale wa Kibantu wenye maana ya kusimama, mzizi uleule unaosikika ndani ya *simama*. Kitu kilicho wima kimesimama bila kuinama, na kipimo cha kusimama kwake ni ardhi. Nguzo huwa wima, ukuta huwa wima, mtu huwa wima. Msemaji wa Kiswahili haulizi: wima kwa kitu gani? Jawabu limo ndani ya neno. Kwa lugha ya sarufi, *wima* ni sifa ya kitu kimoja.

Dhana ya hisabati tunayoishughulikia ni ya namna nyingine kabisa. Hakuna mstari wenye sifa hii peke yake. Ni uhusiano baina ya mistari miwili, na uhusiano huo hauna habari na ardhi. Katika mfano wetu L inapanda kwa mwinamo wa 2/3, K inashuka kwa mwinamo wa −3/2. Hakuna hata mmoja kati yake ulio wima, na hakuna ulio mlalo, lakini vinakatana kwa pembemraba. Mwalimu akisema K ni mstari wima, amesema jambo ambalo mchoro ulio ubaoni unalikanusha.

Tofauti hii hujidhihirisha tukilinganisha *wima* na *sambamba*. Twasema bila shida yoyote: *mstari K ni sambamba na mstari L*. Kiunganishi *na* hapa humleta mshirika wa pili wa uhusiano. Tukiliweka *wima* katika kiunzi hichohicho tunapata: *mstari K ni wima na mstari L*. Msikilizaji wa Kiswahili atafahamu nini? Atafahamu kuwa K ni wima, na L nayo ni wima. Mistari miwili iliyo wima ni sambamba. Sentensi iliyokusudiwa kueleza kwamba mistari inakatana kwa pembemraba imeishia kueleza kwamba haikutani kamwe! Wengine hujaribu kuiponya kwa kihusishi *kwa*, wakasema *wima kwa mstari L*, lakini *kwa* hapa imebebeshwa mzigo ambao haijawahi kuubeba katika lugha ya kawaida, na msikilizaji hukisia tu.

Ingekuwa dhuluma kudhani kwamba ni Kiswahili peke yake kilichoingia katika mtego huu. Neno la Kilatini *perpendiculum*, lililozaa istilahi ya Kiingereza na ya Kifaransa, lilikuwa jina la timazi, ule uzi wa fundi mwashi wenye kitu kizito mwishoni. Istilahi ya Kiyunani aliyoitumia Euclid katika kitabu cha kwanza cha *Elementa*, *kathetos*, ina maana ya kilichoteremshwa. Waarabu husema *amudi*, yaani nguzo. Lugha hizi zote zilianza na kitu kinachosimama au kuning'inia. Tofauti ni kwamba Mwingereza wa leo hasikii timazi ndani ya istilahi yake. Neno limekufa kama picha na kubaki kama dhana tupu. *Wima* bado ni neno hai. Kila alisikiapo Mswahili huona nguzo, na nguzo hiyo ndiyo inayomzuia kuuona mstari ulioinama.

Inafaa kukumbuka kuwa Euclid mwenyewe hakulitegemeza jambo hili kwenye ardhi. Kwake, mstari ukisimama juu ya mstari mwingine na kufanya pembe mbili zilizo jirani ziwe sawasawa, kila moja ya pembe hizo ni pembemraba. Fasili hii haitaji juu wala chini. Hutaji usawa wa pembe mbili, basi.

Mafundi wetu nao hawakuchanganyikiwa hata siku moja. Fundi mwashi ana vyombo viwili kwa mambo mawili: timazi kwa ajili ya ukuta, na skwea kwa ajili ya kona. Anapoweka msingi wa nyumba hapana kitu kilicho wima. Kamba zote zimelazwa chini. Hata hivyo, kona lazima iwe pembemraba. Basi hupima futi 3 kwenye kamba moja na futi 4 kwenye kamba ya pili, kisha husogeza mpaka umbali baina ya alama hizo mbili uwe futi 5. Akipata 5, kona ni mraba. Huyu mtu ametenganisha wima na pembemraba kwa mikono yake, na lugha yake ya kazi inawatenganisha vivyo hivyo.

Pendekezo letu basi ni kuliacha *wima* lifanye kazi yake ya asili, na uhusiano wa mistari ulezwe kwa kitenzi: *mistari L na K inakatana kwa pembemraba*. Kauli ya kutendana katika *katana* ina faida kubwa hapa. Uhusiano huu ni wa pande mbili. Ikiwa K inaikata L kwa pembemraba, basi L nayo inaikata K vivyo hivyo. Kiambishi *-an-* hulisema hilo bila maelezo ya ziada. Ndicho kiambishi kilichomo ndani ya *lingana*, kitenzi kilichotupatia *mlinganyo*, na hapo pia kinasema ukweli: mlinganyo ni pande mbili zinazolingana. Yuko atakayelalamika kwamba *-nayokatana kwa pembemraba* ni refu mno kuwa istilahi. Ni kweli ni refu. Lakini urefu huu hulipwa mara moja, kwa kuwa mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi hahitaji kufafanuliwa sehemu yake yoyote.

Onyo moja kuhusu michoro. Pembemraba itaonekana kuwa pembemraba katika karatasi ya grafu iwapo tu mihimili yote miwili imepewa kipimo kilekile. Mwalimu akiweka sentimita moja kwa kila kizio cha x, na nusu sentimita kwa kila kizio cha y, mistari L na K haitaonekana kukatana kwa pembemraba ijapokuwa hesabu yake ni sahihi.

4.0 Kinyume kimoja, matendo mawili

Tumesema kuwa mwinamo wa K hupatikana kwa kuupindua mwinamo wa L na kubadili alama. Katika maelezo ya haraka kanuni hii hufupishwa: *mwinamo wa mstari wa pili ni kinyume cha mwinamo wa mstari wa kwanza*. Tatizo ni kwamba *kinyume* katika hisabati ya shule limekwisha kupewa kazi mbili. Kinyume cha 5 katika kujumlisha ni −5. Kinyume cha 5 katika kuzidisha ni 1/5. Mwanafunzi anayeambiwa achukue kinyume cha 2/3 anaweza kuandika −2/3, au akaandika 3/2, na katika hali zote mbili ametii agizo alilopewa. Mstari wenye mwinamo −2/3 ni kivuli cha L kwenye kioo kilicholazwa. Ule wenye mwinamo 3/2 ni L iliyobadilishana nafasi za x na y. Hakuna kati yake unaokatana na L kwa pembemraba. Mwalimu atalitia jawabu alama ya kosa, na kosa litaandikwa katika hesabu ya mwanafunzi ilhali limezaliwa katika lugha.

Kulisawazisha jambo hili ni lazima tuonyeshe kwamba matendo mawili yana sababu mbili. Chora mstari kutoka makutano ya mihimili, nukta (0, 0), hadi nukta (3, 2). Umekwenda hatua 3 kulia na hatua 2 juu. Sasa izungushe karatasi nzima kwa robo ya duara, mkono wa kulia ukielekea juu. Zile hatua 3 zilizokuwa za kulia sasa ni za kwenda juu. Zile 2 zilizokuwa za juu sasa ni za kwenda kushoto. Nukta (3, 2) imehamia (−2, 3), na mwinamo mpya ni 3 kwa −2, yaani −3/2. Sehemu imepinduka kwa sababu kulia kumekuwa juu na juu kumekuwa pembeni. Alama imegeuka kwa sababu pembeni huko ni kushoto, si kulia. (Uzungushaji huu huitwa wa kinyume cha saa, kwa hiyo *kinyume* la tatu lilikuwa linatusubiri mlangoni.)

Maelezo hayo yanatosha kwa darasa. Msomaji atakaye uthibitisho kamili ataupata kwa kanuni ya Pythagoras. Tuseme mistari miwili inapita (0, 0), mmoja una mwinamo m na mwingine mwinamo n. Mahali x ilipo 1, mstari wa kwanza upo kwenye nukta (1, m) na wa pili kwenye nukta (1, n). Nukta hizi mbili pamoja na (0, 0) hufanya pembetatu. Miraba ya pande zake ni 1 + m², 1 + n², na (m − n)². Pembe iliyo kwenye (0, 0) ni pembemraba iwapo, na iwapo tu, jumla ya miraba miwili ya kwanza inalingana na mraba wa tatu:

1 + m² + 1 + n² = (m − n)²
2 + m² + n² = m² − 2mn + n²
2 = −2mn
mn = −1

Zao la mwinamo mmoja na mwingine ni −1. Katika mfano wetu, 2/3 mara −3/2 ni −1. Hesabu hii ni ileile ya fundi na kamba zake za 3, 4 na 5, ila fundi aliianza na namba, nasi tumeianza na herufi.

Kwa upande wa lugha, twapendekeza kanuni isemwe kwa vitenzi viwili vinavyofuatana: *pindua, kisha badili alama*. *Pindua* hutaja tendo linaloonekana kwa macho, kiasi kwenda chini na asili kuja juu. Neno hili limezoeleka mno katika siasa kiasi kwamba wanafunzi hawatalisahau upesi. *Kisha* nalo hulazimisha kuwapo kwa tendo la pili. Mwanafunzi aliyefanya moja tu anajua kwamba hajamaliza.

Yafaa pia walimu wauepuke mfano wa mstari y = x wanapoifundisha kanuni hii kwa mara ya kwanza. Mwinamo wake ni 1, na 1 ikipinduliwa hubaki 1. Mwanafunzi asiyepindua, akabadili alama tu, atapata −1, jawabu sahihi kwa njia pungufu, na kosa lake halitagunduliwa mpaka siku ya mtihani.

5.0 Sentensi ya swali

Tuitazame sasa sentensi ya namna inayopatikana pale swali la Kiingereza linapofasiriwa neno kwa neno:

*Tafuta mlinganyo wa mstari unaopita nukta (5, 1) na ulio wima kwa mstari uliopewa 2x − 3y + 6 = 0.*

*Wima* tumekwisha kulijadili. Tuanze na *uliopewa*. Kitenzi *-pa* katika Kiswahili humfanya mpokeaji kuwa yambwa yake ya kwanza, na katika kauli ya kutendwa mpokeaji huyo ndiye awaye kiima. *Mwanafunzi alipewa kitabu*: aliyepewa ni mwanafunzi, kilichotolewa ni kitabu. Kwa hiyo *mstari uliopewa* ni mstari uliopokea kitu. Umepewa nini? Swali halisemi. Kilichokusudiwa ni mstari uliotolewa, au kwa Kiswahili kilichonyooka, *mstari uliotajwa*. Wapo watakaosema kwamba *uliopewa* limekwisha kuzoeleka. Huenda, lakini limezoeleka kwa wale waliolijua swali kwa Kiingereza kabla ya kulisoma kwa Kiswahili, nao si wale tunaowakusudia.

Tatizo la pili ni la upatanisho, nalo ni la kuvutia zaidi. Kwa kawaida ngeli hukiokoa Kiswahili mahali ambapo lugha nyingine hukwama. *Kitabu cha mtoto kilichopotea* na *kitabu cha mtoto aliyepotea* ni habari mbili tofauti, na kirejeshi chatuambia ni kitu gani kilichopotea. Katika *mlinganyo wa mstari unaopita* wokovu huo haupo, kwa maana *mlinganyo* na *mstari* zote mbili ni za ngeli ya M-/MI-. Akili hutuambia kuwa mlinganyo haupiti popote, kwa hiyo *unaopita* tunaufahamu. Lakini *mlinganyo wa mstari uliotajwa* ni kitendawili halisi: kilichotajwa ni mlinganyo au ni mstari? Na hali ni mbaya zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu istilahi nyingi za somo hili zimejazana katika ngeli hiyo moja: *mstari, mlinganyo, mwinamo, mhimili, mchoro, mraba, mlalo*. Sababu yake inafahamika. Waundaji wa istilahi waliviongezea vitenzi kiambishi *m-* mara kwa mara, kila mmoja akiunda neno lake bila kutazama majirani zake. Neno moja moja halina kosa, kosa huonekana yanapokutana katika sentensi moja. Kamati za istilahi zingefanya vyema kuyajaribu maneno ndani ya swali zima kabla ya kuyaidhinisha.

Tatizo la tatu ni mpangilio. Sentensi imeanza na agizo, *tafuta*, kabla mwanafunzi hajajua lolote kuhusu vitu anavyotakiwa kuvitumia. Kiswahili cha masimulizi na hata cha maagizo ya nyumbani hupenda kutaja kwanza yanayojulikana, kazi ikaja mwisho. Mama amtumaye mtoto dukani humwonyesha kwanza pesa na kikapu. Tukiuandika upya mfano wetu kwa utaratibu huo, na kuyapa majina yale ambayo ngeli imeshindwa kuyatofautisha, tunapata:

*Mstari L una mlinganyo 2x − 3y + 6 = 0. Nukta P ina majira (5, 1). Mstari K unapita P, tena unakatana na L kwa pembemraba. Tafuta mlinganyo wa K.*

Sentensi nne fupi mahali pa moja ndefu. Kirejeshi hakimo hata kimoja, na herufi L, P na K zimebeba kazi ya kurejelea. Wanahisabati watatambua kwamba huu ndio mtindo wanaoutumia wenyewe wanapoandika uthibitisho.

6.0 Mstari ulio wima kweli

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalotufanya tulipinge *wima* kwa mkazo. Tuchukue mstari M ambao mlinganyo wake ni x = 3. Mstari huu umesimama. Ni wima kwa maana halisi ya Kiswahili. Mwinamo wake ni upi? Tukichagua nukta mbili juu yake, mathalani (3, 0) na (3, 4), tunapanda hatua 4 kwa kwenda kulia hatua 0. Sehemu 4/0 haina maana. Mstari ulio wima hauna mwinamo, jambo ambalo neno *mwinamo* lenyewe linaliafiki, kwani kilichosimama wima hakikuinama. Usichanganywe na mstari mlalo, ambao una mwinamo, nao ni 0.

Kwa hiyo kanuni ya *pindua, kisha badili alama* haiwezi kutumika kwa mstari wima, na zao la −1 halipo. Mistari iliyo wima imo miongoni mwa ile ambayo kanuni haiifikii. Nasi tumeichukua sifa yao na kuifanya jina la kanuni nzima! Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa anatafuta mstari wima, akakutana na mstari wima kweli, hana tena neno la kuueleza.

Iko njia inayoiweka mistari yote chini ya utaratibu mmoja. Mlinganyo wa mstari wowote waweza kuandikwa katika umbo ax + by + c = 0. Mstari unaokatana nao kwa pembemraba huwa na umbo bx − ay + k = 0: namba mbili zimebadilishana nafasi na moja imebadilishwa alama. Kisha k hupatikana kwa kutumia nukta iliyotajwa. Kwa mstari L, a ni 2 na b ni −3. Tunapata −3x − 2y + k = 0. Tukiweka majira ya P, −15 − 2 + k = 0, kwa hiyo k ni 17, na mlinganyo ni −3x − 2y + 17 = 0. Ukibadili alama zote ni 3x + 2y − 17 = 0, uleule wa mwanzo. Hapa hatukutaja *mwinamo*, hatukutaja *kinyume*, wala hatukugawa kwa kitu chochote kinachoweza kuwa sifuri.

Umbo hili hutoa pia umbali kutoka P hadi L, unaopimwa kwa kufuata K hadi nukta (3, 4). Kutoka (5, 1) hadi (3, 4) ni hatua 2 kwa upande mmoja na 3 kwa upande mwingine. Miraba yake ni 4 na 9. Umbali ni kipeuo cha pili cha 13, karibu 3.61. Katika pembetatu yoyote ambayo P ni kilele chake na kitako chake kimo juu ya L, urefu huo ndio kimo, ijapokuwa haukusimama. Watoto wengi hushindwa kukitambua kimo cha pembetatu pale kitako kisipolazwa, kwa sababu hukitafuta kilicho wima.

Tukirudi kwa M, mlinganyo wake katika umbo hili ni x + 0y − 3 = 0, kwa hiyo a ni 1 na b ni 0. Mstari unaokatana nao kwa pembemraba ni 0x − y + k = 0, na ukipita P, k ni 1. Mlinganyo wake ni y = 1, nao ni mlalo.